Chui milia wa Sariska: Walikwisha porini, wakabaki vitabuni

MWEZI Machi mwaka 2005 wataalamu wa Taasisi ya Wanyamapori ya India walimaliza kuipekua Hifadhi ya Sariska, iliyoko jimbo la Rajasthan, yapata kilomita 200 kutoka Delhi, wakatoa jibu ambalo serikali ya nchi hiyo haikutaka kulisikia. Hakukuwa na chui milia hata mmoja. Hesabu rasmi ya mwaka uliotangulia ilikuwa imesema wapo kati ya 16 na 18.

Sariska haikuwa pori lililosahauliwa. Tangu mwaka 1978 ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyo chini ya Mradi wa Chui Milia, mpango uliozinduliwa Aprili 1973 na serikali ya Indira Gandhi. Ilikuwa na askari, vituo vya ulinzi, bajeti na daftari la kila mwaka la idadi ya wanyama. Waziri Mkuu wa wakati huo, Manmohan Singh, aliagiza makachero wa serikali kuu wachunguze, nao wakabaini kuwa majangili walikuwa wakiwaua chui hao tangu katikati ya mwaka 2002.

Ili kufahamu jinsi mnyama mkubwa kiasi hicho anavyoweza kutoweka katika hifadhi yenye walinzi bila mtu kupiga kelele, ni lazima kwanza kufahamu anavyoishi. Chui milia, ambaye vitabu vingine humwita simbamarara, ni mnyama wa Asia peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki asimchanganye na chui wa madoa wala duma, kwa kuwa huyu hajapata kuishi katika mapori ya bara letu. Ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya paka, na dume wa India huweza kuzidi kilo 200.

Tofauti na simba, chui milia huishi na kuwinda peke yake. Hana kundi la kumsaidia kumzingira mnyama. Hutegemea giza, majani marefu na uvumilivu, akinyata hadi afike karibu kabisa ndipo aruke na kukamata koo. Mara nyingi hukosa, na akikosa hurudi kusubiri, kwa maana mwili wake mzito haukuumbwa kwa mbio ndefu. Akifanikiwa kumwangusha mnyama mkubwa, huuburuta mzoga hadi kichakani, akaula kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo hesabu yake ya maisha inapoanza. Chui mmoja huhitaji takriban mnyama mmoja mkubwa kila juma, yaani kama 50 kwa mwaka. Mtaalamu wa India Ullas Karanth, aliyewatafiti chui milia kwa miongo kadhaa katika misitu ya Nagarahole huko Karnataka, ameeleza kuwa chui huweza kuchukua takriban sehemu moja ya kumi ya mawindo kwa mwaka bila kuyamaliza. Kwa hiyo nyuma ya kila chui mmoja panatakiwa kuwapo wanyama wapatao 500 wa kuwindwa: sambar na chital, ambao ni wanyama wenye pembe za matawi wanaofanana kwa mbali na kulungu wa huku, pamoja na nguruwe mwitu na nyati wa msituni. Msitu unaweza kuwa na miti mirefu na mito safi, lakini wanyama hao wakiliwa na wanadamu, chui hana la kufanya humo.

Wingi wa mawindo ndio unaoamua pia ukubwa wa himaya. Katika nyanda za Chitwan nchini Nepal, ambako nyasi ni nyingi na wanyama wamejaa, jike mmoja huridhika na eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Katika milima yenye theluji ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, jike huhitaji takriban kilomita za mraba 400. Dume huwa na himaya kubwa zaidi inayofunika za majike kadhaa, na kazi yake kubwa ni kuwazuia madume wengine.

Jike ndiye msingi wa yote. Hubeba mimba kwa miezi mitatu na nusu, huzaa watoto wawili hadi wanne, kisha huwalea bila msaada kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, akiwafundisha kunyata, kuua na kujificha. Kwa hiyo huzaa mara moja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu, na watoto wengi hufa kabla ya kukua. Jangili akimuua mama, huwa ameua na watoto. Hata akimuua dume, hasara haiishii hapo, kwa kuwa dume mgeni anayeirithi himaya huwaua watoto wa aliyemtangulia ili majike wapate kuzaa naye. Watafiti waliofanya hesabu hizo walionyesha mwaka 2008 kwamba vifo vya majike wazima vikizidi asilimia 15 kwa mwaka, idadi nzima huanza kuporomoka. Katika hifadhi ndogo yenye majike wanane, huo ni uhai wa mnyama mmoja au wawili. Genge moja lenye mitego ya chuma linaweza kuifanya kazi hiyo kwa msimu mmoja.

Na soko lilikuwapo. Mifupa ya chui milia imetumika kwa karne nyingi katika tiba za jadi za China na hulowekwa katika mvinyo, ingawa serikali ya China ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993. Ngozi nazo zilivuka milima ya Himalaya kwenda Tibet, ambako zilishonwa kwenye majoho ya sherehe. Biashara hiyo ya ngozi ilipata pigo kutoka mahali ambapo polisi hawakupategemea: mwaka 2006, baada ya Dalai Lama kuwataka wafuasi wake waache kuvaa ngozi za wanyama wa porini, Watibet wengi walizichoma hadharani, ngozi zilizowagharimu fedha nyingi.

Hata hivyo, ujangili peke yake hauelezi kwa nini Sariska ilichelewa kujua. Jibu la swali hilo limo katika namna ya kuhesabu. Tangu miaka ya 1960 India ilitumia nyayo. Askari waliweka kioo juu ya alama ya mguu iliyoachwa kwenye mchanga, wakachora umbo lake, na mabingwa wakalinganisha michoro ili kumtofautisha chui mmoja na mwingine. Tatizo ni kwamba mnyama yuleyule huacha alama tofauti kwenye vumbi, kwenye tope na kwenye mteremko. Jambo la pili lilikuwa la kibinadamu zaidi. Mkuu wa hifadhi ambaye idadi yake ilipanda alisifiwa, na yule ambaye idadi yake ilishuka alitakiwa kujieleza. Haihitaji njama ya watu wengi kwa daftari la namna hiyo kuendelea kupanda.

Kikosi kazi kilichoundwa na serikali mwaka huohuo wa 2005, kikiongozwa na mwanaharakati wa mazingira Sunita Narain, kiligundua kuwa kumbukumbu za ndani za Sariska zilikuwa zikionyesha chui wakionekana kwa nadra mwaka hadi mwaka, huku takwimu zilizopelekwa juu zikibaki nzuri. Askari wa doria walijua. Waliosoma ripoti ofisini hawakujua, au hawakuuliza.

Njia iliyochukua nafasi ya nyayo ilikuwa imekwisha kujaribiwa na Karanth huko Nagarahole katika miaka ya 1990. Ni kamera zinazofungwa kwenye miti pande mbili za njia na kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Milia ya kila chui ni ya peke yake kama alama za vidole vya binadamu, kwa hiyo picha huonyesha ni nani aliyepita, na takwimu humwezesha mtafiti kukadiria wangapi hawakupita. Mwaka 2006 iliundwa Mamlaka ya Taifa ya Uhifadhi wa Chui Milia, na mwaka 2008 yakatangazwa matokeo ya sensa ya kwanza ya aina mpya: chui 1,411 katika India nzima. Hesabu ya nyayo ya mwanzoni mwa muongo huo ilikuwa imetoa zaidi ya 3,600.

Kwa hakika aibu ya mwaka 2008 iliwafaa chui kuliko fahari iliyotangulia. Sensa zilizofuata zilionyesha 1,706 mwaka 2010, kisha 2,226 mwaka 2014 na 2,967 mwaka 2018, wakati kamera zilipowekwa katika sehemu 26,838 na kuwanasa chui 2,461 mmoja mmoja kwa picha. Sensa ya mwaka 2022 ilikadiria wastani wa 3,682. Wapo watafiti wanaohoji baadhi ya mbinu za makadirio hayo, na mjadala wao ni wa haki, lakini ni mjadala juu ya picha zinazoweza kukaguliwa.

Kurudisha chui mahali walipomalizwa ni kazi nyingine kabisa, na Sariska ilikuwa ya kwanza kuijaribu. Juni 28, 2008 dume mmoja alilazwa kwa sindano ya usingizi katika Hifadhi ya Ranthambore, kusini mwa Sariska, akasafirishwa kwa helikopta. Jike alifuata siku chache baadaye. Kisha miaka ikapita bila mtoto kuzaliwa. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wanyama wa kwanza kuletwa walikuwa ndugu, jambo ambalo lingepaswa kuchunguzwa kabla ya helikopta kuruka. Novemba 2010 dume yule wa kwanza alikutwa amekufa kwa sumu. Ndani ya hifadhi kulikuwa bado na vijiji vya wafugaji wa nyati wa maziwa, barabara ilipita katikati, na kila Jumanne na Jumamosi mahujaji walimiminika kwenda kwenye hekalu la Pandupol lililomo humo. Watoto wa kwanza walionekana mwaka 2012 tu.

Panna, hifadhi ya jimbo la Madhya Pradesh, ilipitia msiba huohuo na ikatoka kwa haraka zaidi. Ilithibitishwa mwaka 2009 kuwa chui wake wote wamekwisha. Majike wawili waliletwa kutoka Bandhavgarh na Kanha mwezi Machi mwaka huo, na Novemba akaletwa dume kutoka Pench, aliyepewa jina la T3. Baada ya siku chache dume huyo aliondoka. Alielekea kusini, upande wa alikozaliwa, akipita kando ya vijiji na mashamba kwa takriban mwezi mzima, huku askari na tembo wa kazi wakimfuata nyuma kwa ishara za redio zilizotoka kwenye kola ya shingoni mwake. Hakumdhuru mtu. Desemba alilazwa kwa sindano na kurudishwa.

Safari hii maofisa hawakumwacha atafute wenzake kwa bahati. Mkojo wa majike ulinyunyizwa katika eneo alilowekwa, kwa kuwa chui milia huwasiliana kwa harufu. Hupulizia miti na mawe mkojo unaoeleza ni nani mwenye eneo na kama yuko tayari kupandwa. T3 alizifuata habari hizo. Aprili 2010 jike T1 alizaa watoto wanne. Aidha, majike wawili walioachwa yatima huko Kanha, ambao walikuzwa ndani ya boma kubwa wakipewa wanyama hai wa kuwinda, waliachiwa Panna na wakazaa, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Zaidi ya chui 50 wameongezeka kutokana na wanyama hao wachache.

Mfano wa yatima wa Kanha usichukuliwe kuwa ni hoja ya kutetea mashamba ya chui. Katika nchi za Asia ya mashariki, China ikiongoza, inakadiriwa kuwa zaidi ya chui milia 8,000 wamefungiwa katika mashamba na bustani. Hao hawajapata kuwinda, wengi ni wa mchanganyiko wa damu, na mtu wamemzoea kama mleta chakula. Kuwaachia porini ni kuwaua wao au jirani zao. Kuwapo kwao hulifanya soko la mifupa liendelee kupumua, na mifupa ya mnyama wa porini huhesabiwa na wanunuzi kuwa bora zaidi.

Gharama ya mafanikio imewaangukia zaidi watu walio karibu na msitu. Kila mwaka makumi ya watu huuawa na chui milia nchini India, wengi wao wakiwa wamekwenda kuokota kuni, kuchunga au kuchuma mazao ya msitu. Katika Sundarbans, misitu ya mikoko iliyogawanywa kati ya India na Bangladesh, warina asali na wavuvi waliwahi kuvaa vinyago kisogoni katika miaka ya 1980, kwa dhana kwamba chui hashambulii anayemtazama. Upo pia mzigo usiotoa damu. Familia zinazokubali kuhama kutoka katikati ya hifadhi hulipwa fidia, iliyowekwa kuwa rupia milioni moja mwaka 2008 na kupandishwa hadi milioni moja na nusu mwaka 2021. Sheria inataka kuhama kuwe kwa hiari, lakini watetezi wa haki za watu wa msituni wamelalamika mara nyingi kwamba hiari ya mtu aliyekatiwa njia ya malisho na asiyejengewa shule ni hiari ya jina tu.

Nepal ilichagua kuweka mkono mfukoni. Kanuni zake za miaka ya 1990 zinaelekeza asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kwa jamii zinazozizunguka, ambazo pia hukabidhiwa misitu ya kuitunza na kuivuna. Chui wake walikuwa 121 mwaka 2009. Mwaka 2022 walikuwa 355. Katika vijiji vya Bardiya, ambako mashambulizi yameongezeka pamoja na idadi, si kila mtu aliyeipokea takwimu hiyo kwa furaha.

Upande wa kusini-mashariki mwa Asia habari ni nyingine. Nchi 13 zenye chui milia zilipokutana St Petersburg nchini Urusi mwaka 2010 na kuahidi kuongeza idadi yao mara mbili ifikapo mwaka 2022, baadhi yao tayari zilikuwa hazina cha kuzidisha. Chui wa mwisho wa Cambodia alinaswa na kamera mwaka 2007. Laos haijaona mwingine tangu mwaka 2013, na Vietnam ilimkosa mapema zaidi. Misitu mikubwa ingalipo, lakini imejaa mitego ya nyaya, mingi ikiwa ya waya wa breki za pikipiki, ambayo hunasa chochote kinachotembea. Askari wa Serengeti wanaujua mtego wa namna hiyo. Hautegwi kwa ajili ya chui, bali kwa ajili ya nyama ya kuuza mjini, lakini humaliza wale wanyama 500. Malaysia imebakiwa na chui wasiozidi 150. Thailand peke yake katika eneo hilo imeonyesha ongezeko, katika misitu ya magharibi inayozunguka Huai Kha Khaeng, ambako doria zimefanywa kwa uthabiti kwa miaka mingi.

Kwa ujumla Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulikadiria mwaka 2022 kuwa chui milia wa porini duniani ni kati ya 3,726 na 5,578. Takriban robo tatu wako India, wakiishi katika vipande vya misitu vilivyotenganishwa na mashamba, reli na miji. Kipande kimoja hakitoshi. Kijana wa kiume anapofikia miaka miwili hufukuzwa na dume mwenye himaya, naye hulazimika kutafuta pake. Bila shoroba za kumpitisha atarudi kuzaa na dada zake, au ataingia shambani kwa mtu. Ndiyo sababu barabara kuu namba 44 ilipopanuliwa kupitia msitu wa Pench, baada ya mvutano mrefu mahakamani, ilinyanyuliwa juu ya nguzo katika sehemu tisa ili wanyama wapite chini, na kamera zimewaonyesha chui milia wakizitumia.

Sariska haina njia ya namna hiyo. Idadi ya chui wake ilizidi 40 mwishoni mwa mwaka 2024, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia hata katika madaftari ya nyayo ya mwaka 2004, na nafasi imeanza kuwa finyu. Mwaka huo dume mmoja kijana alitoka hifadhini, akajeruhi wanakijiji njiani, akavuka mpaka wa jimbo na kuingia wilaya ya Rewari huko Haryana, nchi ya mashamba ya haradali isiyokuwa na hifadhi ya chui milia. Alikaa huko kwa miezi kabla ya kupigwa sindano ya usingizi mwezi Novemba na kupelekwa Ramgarh Vishdhari, hifadhi nyingine ya Rajasthan ambayo bado ina himaya zisizo na mwenyewe.